Matope ya Mexico City



Kama wewe ni mtu wa mpira na umri umekwenda kidogo, Uwanja wa Azteca huna haja ya kuelezwa. Ndipo Diego Maradona alipowafunga Waingereza mabao mawili tarehe 22 Juni 1986, la kwanza kwa mkono ambao mwamuzi hakuuona, la pili kwa kuwatoka wachezaji mmoja baada ya mwingine mpaka golini. Tanzania Bara wakati huo haikuwa na televisheni. Mabao yale wengi waliyapata kwa masikio tu, na mpaka leo wapo wanaoapa kwamba ule mkono waliuona.

Lakini Azteca sikuutaja kwa ajili ya Maradona. Miezi tisa kabla ya mechi ile, katika jiji hilohilo la Mexico City, asubuhi ya Alhamisi tarehe 19 Septemba 1985, tetemeko la ardhi liliangusha majengo zaidi ya 400 na kuyaharibu vibaya mengine zaidi ya 3,000. Hesabu ya waliokufa haijapata kukubaliwa na wote. Serikali ilitaja maelfu machache, makadirio mengi yanazunguka 10,000, na wako wanaosema ni zaidi ya hapo. Na uwanja je? Uwanja ule, ambao wakati huo ulichukua watu zaidi ya laki moja, ulibaki kama ulivyokuwa. Hata Kombe la Dunia halikuhamishwa.

Mtu wa haraka atasema ni bahati, au kwamba Mungu ni mpenzi wa soka. Jibu liko chini ya nyasi. Azteca umejengwa kusini mwa jiji juu ya mwamba mgumu uliomwagwa na volkano zamani, na wajenzi walilazimika kuupasua kwa baruti. Ukienda kaskazini kilomita kumi na kitu, unafika katikati ya jiji, na huko ardhi ni nyingine kabisa. Huko watu wanaishi juu ya ziwa.

Nasema juu ya ziwa na namaanisha hivyo. Mwaka 1325, kwa hesabu inayokubalika, Waazteki walianza kujenga mji wao, Tenochtitlan, kwenye kisiwa ndani ya Ziwa Texcoco. Wahispania chini ya Hernán Cortés waliuteka mwaka 1521, wakaubomoa, wakajenga wa kwao palepale juu ya magofu. Mafuriko yakawachosha. Wakaanza kuchimba mifereji ya kulikausha ziwa, kazi iliyopokezanwa vizazi kwa vizazi. Maji yakaondoka, lakini kilichokuwa chini ya maji hakikuwa na pa kwenda: udongo wa mfinyanzi, laini, uliojaa maji, na mahali pengine unene wake ni makumi ya mita. Juu ya udongo huo likakaa jiji la mamilioni ya watu. Kisha jiji lenyewe likaanza kuvuta maji ya kunywa kutoka chini yake, kwa hiyo linazama, sehemu nyingine kwa makumi ya sentimita kila mwaka. Ukisimama mbele ya Kanisa Kuu la Mexico City, huhitaji kipimo cha fundi kuona kwamba lina mahali limelalia.

Sasa tetemeko lenyewe. Halikuanzia jijini. Lilianzia pwani ya Pasifiki, jimbo la Michoacán, umbali unaokaribia ule wa Dar es Salaam na Dodoma kwa mstari ulionyooka. Pale bamba la chini ya bahari linaloitwa Cocos linajipenyeza chini ya bamba la Amerika Kaskazini, sentimita chache kila mwaka. Mara nyingi halipiti kwa ulaini. Hukwama, miaka ikapita, nguvu ikajikusanya, na siku likiachia, kile ambacho kingesogea kidogo kidogo kwa miongo kadhaa husogea kwa dakika moja. Asubuhi ile liliachia kwa ukubwa wa 8, saa moja na robo ikiwa imepita kidogo.

Kwa kawaida mtikiso ukisafiri hivyo hupungua nguvu, na kweli ulipungua. Kipimo kilichokuwa chuo kikuu, kusini, kwenye mwamba uleule wa volkano, kiliandika mtikiso wa kawaida tu, wa kumwamsha mtu na kumwangushia vikombe. Kipimo kingine kilichokuwa kwenye wizara ya mawasiliano, juu ya udongo wa ziwa, kiliandika mtikiso wenye nguvu mara tano hivi ya ule. Tetemeko moja, jiji moja, dakika zilezile.

Hapa naomba usikilize taratibu, maana ndicho kiini cha maneno yangu. Udongo ule una mwendo wake wa kuyumba. Ukitikiswa, huenda na kurudi mara moja kila baada ya sekunde mbili hivi. Na majengo nayo kila moja lina mwendo wake: nyumba fupi hutikisika harakaharaka, ghorofa refu sana huyumba polepole. Umewahi kumsukuma mtoto kwenye bembea? Ukimsukuma ovyo, bembea haiendi. Ukimsukuma kila anaporudi, hata kwa kidole kimoja, baada ya muda anaruka juu mpaka mama yake anapiga kelele. Udongo wa Texcoco uliyasukuma majengo hivyo, na yale ambayo mwendo wake ulilingana na sekunde zile mbili yalikuwa ya ghorofa sita mpaka kumi na tano. Hayo ndiyo yaliyolala. Makanisa ya karne za ukoloni, yenye kuta nene, mengi yalibaki. Nyumba za chini nyingi zilibaki. Hata mnara wa Torre Latinoamericana, wenye ghorofa 44 na uliomalizika mwaka 1956, ulibaki. Wahandisi wake walizishusha nguzo za msingi mpaka kwenye tabaka gumu, na urefu wake uliufanya uyumbe kwa mwendo wake wenyewe.

Basi tusije tukaliachia ziwa lawama zote. Majengo mengi ya kimo hicho cha kati yalisimama palepale kwenye matope, jirani na yaliyoanguka. Walioyachunguza yaliyoanguka walikuta mambo ambayo fundi yeyote mwaminifu wa kwetu atayatambua. Nguzo zenye ringi chache za kuzifunga nondo, kwa hiyo nondo zilipokunjika zege likamwagika. Sakafu zilizokaa moja kwa moja juu ya nguzo bila boriti. Maghorofa yaliyojengwa yakigusana, yakayumba kila moja kwa wakati wake na kupigana makonde. Ofisi zilizogeuzwa maghala, zikabebeshwa mizigo ambayo mchoro haukuijua. Kanuni za ujenzi za mwaka 1976 zilikuwepo, tena hazikuwa mbaya kwa zama zake, ila zilikadiria mtikiso mdogo kuliko uliokuja, na usimamizi wake ulikuwa unajulikana bei yake.

Kinachouma zaidi ni kwamba mengi kati ya majengo makubwa yaliyoanguka yalikuwa ya umma. Katika Hospitali ya Juárez, mnara wa ghorofa 12 uliporomoka ukiwa na wagonjwa, madaktari na wanafunzi wao. Katika Hospitali Kuu, jengo la wazazi liliwaangukia mama na watoto, na siku kadhaa baadaye waokoaji wakawa wanatoa vichanga vilivyo hai kutoka kwenye kifusi. Katika mtaa wa Tlatelolco, mradi mkubwa wa nyumba za serikali, jengo la Nuevo León lenye ghorofa 15 lilikuwa na sehemu tatu, na mbili zikapinduka. Wakaaji wake walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu kwamba jengo halina usalama. Waliambiwa watulie.

Niseme kidogo juu ya redio, maana hapa ndipo nyumbani kwetu. Televisheni kubwa ya nchi, Televisa, ilipoteza majengo yake asubuhi ile. Mtambo mkuu wa simu uliharibika, na mawasiliano ya mbali yakakatika. Nchi nzima ikawa inauliza jiji limekuwaje na hakuna wa kujibu. Mtangazaji Jacobo Zabludovsky alikuwa na gari lenye simu ndani, kitu cha nadra mwaka ule. Akaingia mitaani, akaanza kusimulia moja kwa moja kupitia redio XEW: mtaa huu uko hivi, jengo fulani halipo, hapa moshi unatoka. Akafika hata kwenye jengo la kazini kwake mwenyewe akalikuta limeanguka, na akalitangaza hilo nalo. Zabludovsky huyu alikuwa akilaumiwa miaka mingi kuwa kipaza sauti cha chama tawala. Asubuhi ile hapakuwa na mtu wa kumwandikia cha kusema, na matangazo yale ndiyo anayokumbukwa nayo kuliko yote.

Serikali ilipotea. Rais Miguel de la Madrid alikaa zaidi ya siku nzima kabla ya kulihutubia taifa. Ulitangazwa msimamo kwamba nchi inajitosheleza na haihitaji msaada wa nje, kisha ukageuzwa. Wanajeshi walipelekwa, na kazi yao kubwa ikawa kuzungushia kamba majengo na kuwazuia watu wasiingie. Waliokuwa wanachimba ni watu wa mitaani: vijana, mafundi, wanafunzi, akina mama wakipokezana ndoo. Mwimbaji wa opera Plácido Domingo, ambaye ndugu zake walikuwa ndani ya Nuevo León, alionekana juu ya kifusi akiwa amevaa kofia ya ujenzi. Jioni ya tarehe 20 ardhi ikatikisika tena kwa nguvu, na wengi waliokuwa ndani ya mashimo wakawa na sekunde chache za kuamua kama watoke au wabaki na mtu waliyekuwa wameshamshika mkono.

Kutoka kwa vijana wembamba waliokuwa wakijipenyeza kwenye mashimo yale kilizaliwa kikundi cha Los Topos, yaani mafuko. Hawakuwa na mafunzo, hawakuwa na vifaa, na baadhi yao walijifunza kwa kukosea jinsi ya kupita chini ya zege lililovunjika. Kikundi hicho kiko hai hadi leo. Kilikwenda Haiti mwaka 2010 na Uturuki mwaka 2023.

Sasa niende kwa watu ambao kwangu mimi ndio habari yenyewe. Kwenye barabara ya San Antonio Abad, kusini kidogo ya katikati ya jiji, palikuwa na viwanda vya nguo vilivyopanga kwenye maghorofa. Jengo moja, kampuni kadhaa, cherehani mamia, na marobota ya vitambaa yamerundikwa sakafu hadi dari kwenye majengo ambayo hayakujengwa kubeba mzigo huo. Wafanyakazi karibu wote walikuwa wanawake. Wengi hawakuwa na mkataba, na bima waliisikia tu. Zamu ya asubuhi ilikuwa imeshaanza. Manusura walieleza kwamba milango ya baadhi ya viwanda ilikuwa ikifungwa kwa kufuli ili mfanyakazi asitoke kabla ya saa, na asitoke na kipande cha kitambaa. Mamia walikufa humo.

Wenzao waliofika kazini wakakuta sakafu zimelaliana, wakasikia sauti chini, wakaomba mashine za kuinulia zege. Zilipokuja, nyingine zililetwa na wenye mali. Wanawake wale walishuhudia makasha ya fedha, cherehani na marobota vikitolewa kwanza, huku wanajeshi wakiwa wamezungushia kamba na ndugu wa waliofunikwa wamesimama upande wa pili. Sijui kama ipo picha nyingine ya mwaka ule inayoeleza zaidi thamani ya mtu ilikuwa imepangwa wapi.

Hawakwenda nyumbani. Walipiga kambi pale barabarani, mbele ya kifusi, wakizuia mashine zisiondoke bila fidia na bila maiti za wenzao. Tarehe 20 Oktoba 1985, mwezi mmoja na siku moja tangu tetemeko, chama chao cha wafanyakazi kikasajiliwa kwa jina la Septemba 19, na katibu mkuu wake wa kwanza akawa Evangelina Corona, mshonaji. Katika nchi ambako vyama vya wafanyakazi kwa miongo mingi vilikuwa mkononi mwa chama tawala, usajili huo haukuwa jambo dogo. Miaka sita baadaye mama huyo aliingia bungeni. Chama chenyewe baadaye kilidhoofika, viwanda vikahama, na mishahara ya washonaji haijawahi kuwa ya kujivunia. Nayasema haya ili nisikupambie.

Wapangaji nao wana habari yao, na hii inatuhusu kuliko tunavyodhani. Katikati ya Mexico City, mitaa kama Tepito na Guerrero, palijaa nyumba kongwe za vyumba vinavyozunguka ua mmoja, bomba moja, choo kimoja. Kodi nyingi zilikuwa zimegandishwa kwa sheria tangu miaka ya 1940, kwa hiyo mwenye nyumba hakupata kitu na hakukarabati kitu. Alichongojea ni wapangaji waondoke auze kiwanja. Tetemeko lilipopasua kuta, wenye nyumba wengi waliona heri imekuja. Wapangaji wakakataa kuhamishiwa pembezoni mwa jiji. Walilala kwenye mahema na mabanda ya mabati katikati ya barabara zao, watoto wakaandikishwa shule zilezile, na mwezi Oktoba wakaunda umoja wa wahanga wa jiji zima uliokwenda ikulu kwa miguu, safari baada ya safari.

Serikali ilisalimu amri. Mwezi huohuo ikatoa amri ya kutwaa viwanja vya maelfu ya nyumba zilizoharibika, na kwa mkopo wa Benki ya Dunia zikajengwa nyumba zaidi ya 40,000 katika muda wa miaka miwili hivi. Na zilijengwa mitaani mwao. Nyumba ndogo, za ghorofa mbili au tatu, ua katikati, kila familia na choo chake. Nimesoma habari za ujenzi mpya baada ya maafa katika nchi nyingi, na kawaida yake ni kupelekwa porini kwenye nyumba zinazofanana mistari kwa mistari, mbali na soko na kazi. Mexico City ilikwepa kosa hilo, na ilikwepa kwa sababu wenye shida walikataa kuhama.

Vuguvugu lile halikuishia kwenye nyumba. Tarehe 31 Mei 1986, Kombe la Dunia lilipofunguliwa Azteca, Rais de la Madrid alisimama kuhutubia na uwanja mzima ukamzomea mbele ya dunia. Mwaka 1987 akatokea mtu aliyejiita Superbarrio, amevaa barakoa ya mcheza mieleka na joho, akawa anajitokeza kila mpangaji anapotaka kutupiwa vitu nje. Ni kichekesho, lakini madalali wa kufukuza watu hawakucheka. Mwaka 1997 wakazi wa jiji walipopata kwa mara ya kwanza haki ya kumchagua meya wao, walimpa Cuauhtémoc Cárdenas wa upinzani. Siwezi kusema tetemeko lilikiangusha chama tawala. Ila watu waliofukua ndugu zao kwa mikono walikuwa wameona kwamba serikali ile haikuwa kubwa kama ilivyojitangaza.

Turudi kwenye ardhi. Kanuni za ujenzi ziliandikwa upya, zile kamili zikatoka mwaka 1987, na jiji likagawanywa kwa aina ya udongo: vilimani, ukingoni mwa ziwa, na ziwani penyewe. Kisha, mwaka 1991, wakaanza kutumia mtambo wa tahadhari. Vipimo vinakaa pwani, tetemeko linapoanza vinatuma habari kwa redio, na kwa kuwa mawimbi ya redio yana mbio kuliko mtikiso wa ardhi, ving'ora vinalia jijini kabla haujafika. Wakazi hupata kiasi cha dakika moja ya kutoka nje. Umbali uleule ulioonekana kuwa kinga ya uongo mwaka 1985 sasa ukawa na faida.

Faida hiyo inategemea tetemeko litoke mbali. Tarehe 19 Septemba 2017, saa tano asubuhi, jiji zima lilifanya zoezi la kutoka majengoni kama linavyofanya kila mwaka siku hiyo ya kumbukumbu. Watu wakarudi kazini. Saa saba na robo mchana hivi, siku ileile, tetemeko la ukubwa wa 7.1 likaja, na kitovu chake hakikuwa pwani bali upande wa Puebla na Morelos, kilomita kama 120 tu. Ving'ora vililia huku ardhi imeshaanza kutikisika. Watu 369 walikufa nchini, 228 kati yao ndani ya jiji, na majengo 38 yakaanguka. Safari hii mtikiso ulikuwa wa harakaharaka zaidi, kwa hiyo yaliyopatikana na mabaya yalikuwa mafupi kuliko yale ya 1985, mengi yakiwa kwenye ukingo wa ziwa la zamani. Mengi pia yalikuwa yamejengwa kabla ya kanuni mpya, na hayakuwa yameimarishwa.

Shule ya Enrique Rébsamen ndiyo iliyotoa machozi ya nchi. Walikufa watoto 19 na watu wazima 7. Uchunguzi ulionyesha kwamba mwenye shule alikuwa ameongeza makazi juu ya jengo bila utaratibu, na mahakama baadaye ikamtia hatiani. Kanuni za 1987 zilikuwepo. Mtambo wa tahadhari ulikuwepo. Zoezi lilikuwa limefanyika asubuhi hiyohiyo.

Na sisi watu wa vyombo vya habari tulijiaibisha hapohapo. Kwa muda wa zaidi ya siku nzima televisheni ilikesha ikisimulia habari za msichana aliyedaiwa kuwa hai chini ya kifusi cha shule, kwa jina la Frida Sofía. Nchi ikasali. Mwishowe jeshi la wanamaji likatangaza kwamba mtoto huyo hakuwepo. Wengi walikuwa wameirudia habari bila kuithibitisha.

Mwaka 2022, tarehe ileile ya 19 Septemba, chini ya saa moja baada ya zoezi la kila mwaka, tetemeko kubwa likapiga tena pwani ya Michoacán. Wataalamu wanasema ni sadfa. Wakazi wa Mexico City wanasema watawaachia wataalamu tarehe hiyo wakae nayo peke yao.

Sasa msikilizaji wa Temeke, wa Kisumu, wa Bujumbura, anauliza: haya yananihusu nini? Ardhi yetu haifanani na ya Meksiko. Sisi hatuna bamba linalojipenyeza chini ya pwani. Tuna Bonde la Ufa, ambako bara linachanika polepole, na matetemeko yake kwa kawaida ni madogo kuliko yale. Lakini Bukoba wanajua. Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri, tetemeko la 5.9 liliwaua watu wasiopungua 17, likajeruhi zaidi ya 400, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikaharibiwa kiasi cha kujengwa upya. Bukavu na Rusizi wanajua, tangu Februari 2008. Na usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, tetemeko lililotokea chini ya bahari kusini-mashariki mwa Dar es Salaam liliwafanya watu wa maghorofa washuke ngazi wakiwa na khanga na taulo, likasikika mpaka Mombasa. Halikuua. Lakini Bonde la Msimbazi ni mchanga na tope lililoletwa na mto, na kujenga juu ya udongo wa namna hiyo kunahitaji hesabu tofauti na kujenga juu ya jiwe.

Tena majengo yetu hayangoji tetemeko. Machi 2013, katikati ya Dar es Salaam, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa lilianguka na kuua watu 36, na kibali chake kilikuwa cha ghorofa chache kuliko hizo. Aprili 2016 ni Huruma, Nairobi, watu karibu 50. Novemba 2024 ni Kariakoo. Ardhi ilikuwa imetulia siku zote hizo.

Kwa hiyo ombi langu kwako ni la vitendo. Kama unapanga kwenye ghorofa na mwenye nyumba anaanza kuongeza sakafu juu yako, au anachimba chini kupanua duka, mwombe kibali cha halmashauri na jina la mhandisi aliyesajiliwa, na uyaone kwa macho. Kama unajenga, pima udongo kabla ya kununua nondo, na siku ya kumwaga zege uwepo uhesabu ringi mwenyewe. Ukiona nguzo imepasuka kwa mshazari, usiipake chokaa. Piga picha, peleka ofisi ya mhandisi wa halmashauri, ugongewe muhuri wa kupokelewa. Wala usiende peke yako. Nenda na wapangaji wenzako wa jengo zima, maana mpangaji mmoja akilalamika hupewa notisi.